Kuingia Katika Barza ya Fikira: Je, Yatosha Kuketi?

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyempa mwanadamu akili ya kupambanulia na ulimi wa kuulizia. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Amma baad:

Ndugu yetu mmoja, mkaazi wa Mji wa Kale, ametuuliza suala ambalo twaona halifai kujibiwa kwa faragha, kwa kuwa wengi wanalo moyoni na hawajalitamka. Asema: "Nimealikwa niingie katika barza ya watu wanaokutana baada ya isha kuzungumza mambo ya falsafa na maana ya maisha. Je, yanifaa niingie? Na nikiingia, sharti langu ni lipi?"

Sehemu ya kwanza ya suala hili ni nyepesi, nasi tutaijibu kwa maneno machache. Sehemu ya pili ndiyo nzito. Na tukitaka kuijibu kwa haki, hatuna budi kutaja aibu iliyotupata sisi wenyewe.

Hofu ya neno falsafa

Wako miongoni mwetu ambao wakisikia neno falsafa hushituka, wakadhani kwamba ni ilimu ya Wayunani iliyoletwa kuwatoa watu katika dini yao. Twawaambia: neno ni geni, lakini jambo lenyewe si geni. Imam Ghazali, aliyekufa mwaka 1111, aliandika kitabu mashuhuri cha kuwapinga wanafalsafa. Lakini hakuwapinga mpaka alipokwisha kuvisoma vitabu vyao, na akaandika kitabu kingine cha kueleza makusudio yao. Kisha akatokea Ibn Rushd wa Andalusia, aliyekuwa kadhi na mwanachuoni wa fiqhi, aliyekufa mwaka 1198, akamjibu Ghazali hoja kwa hoja. Wawili hao hawakupata kuonana. Ghazali alikuwa amekwisha kufa kabla Ibn Rushd hajazaliwa. Juu ya hivyo wamezungumza, na mazungumzo yao yangali yakisomwa hata leo. Yeyote atakayetaka kumpinga mwanafalsafa na ajue kwamba hata Ghazali hakumpinga asiyemsikiliza.

Tena tusidhani kwamba falsafa imo vitabuni tu. Mama amwambiapo mwanawe, "Hivyo si utu," naye mtoto akauliza, "Kwani utu ni nini?", basi mlango wa falsafa umekwisha funguliwa, na aliyeufungua ni mtoto. Kwa hivyo jawabu letu kwa sehemu ya kwanza ni kuwa yafaa kuingia, maadamu wanaokutana hapo wanaitafuta haki, hawaichezei.

Barza za Ndia Kuu

Sisi watu wa Mvita hatukuletewa jambo hili kutoka ng'ambo. Mtu akitoka Ngomeni, kwenye ile ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, akaifuata Ndia Kuu kwa upande wa bandari ya kale, huziona nyumba za ghorofa zenye roshani za mbao na milango ya nakshi. Na mbele ya nyumba nyingi huona barza. Barza si pambo la nyumba. Mwenye kuijenga alitoa sehemu ya mali yake, akaiweka nje ya mlango wake, akasema kwa vitendo: hapa na aketi asiyekuwa wa nyumba hii.

Barza ilikuwa gazeti kabla ya magazeti, na mara nyingi ilikuwa mahakama kabla mtu hajafika mahakamani. Hapo zilitolewa khabari za majahazi na bei za bidhaa. Hapo zilianza posa na zilimalizwa ugomvi. Hapo mshairi alilitupa fumbo lake, na mwenziwe akalijibu jioni ya pili. Tangu zama za Muyaka bin Haji, mji huu umezoea kwamba neno likisemwa hungojewa jawabu lake.

Na miongoni mwa waliolichukua neno la barzani wakalitia katika karatasi, wa mbele ni Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, Mwenyezi Mungu amrehemu. Alizaliwa mwaka 1891. Mwaka 1930 alianza kutoa Sahifa, na mwaka 1932 akatoa al-Islah kwa Kiswahili na Kiarabu. Mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, na akafa mwaka 1947. Baadhi ya makala zake zilikusanywa mwaka 1944 katika kitabu kiitwacho Uwongozi. Katika kurasa hizo hakuwasifu watu wa mji wake ili wafurahi. Aliwauliza kwa nini wamebaki nyuma, kwa nini wanatapanya mali katika sherehe, na kwa nini wanawanyima elimu wasichana wao. Wengi walikasirika. Lakini walisoma, na waliokasirika walilazimika kutafuta hoja.

Mwaka 2007 mtaalamu wa Kijerumani, Kai Kresse, aliyeishi nasi katika Mji wa Kale, alitoa kitabu kizima kuhusu watu wa Mombasa na falsafa yao. Aliwaeleza humo Ahmed Sheikh Nabhany, Ahmad Nassir na Sheikh Abdilahi Nassir, na akaonyesha kwamba kufikiri kwa kina kuna mizizi yake hapa petu. Twamshukuru. Lakini sifa hiyo isitupumbaze. Mgeni huona barza na waliokaa juu yake. Asiyekubaliwa kukaa haonekani, kwani amekwisha kwenda zake. Na hapa ndipo inapoanza khabari yetu.

Yaliyotupata

Darasa letu lilikuwa likikutana usiku wa kuamkia Ijumaa, baada ya sala ya isha, katika barza moja ya Ndia Kuu. Usiku mmoja tulikuwa tukisoma mlango wa mirathi. Msomeshaji alieleza jambo linalojulikana na kila aliyesoma fiqhi, kwamba mtu akifa, mali yake haigawanywi kwanza. Huanza kutolewa gharama za maziko, kisha hulipwa madeni yake, kisha hutekelezwa wasia wake. Na hapo tena ndipo warithi wanapopata mafungu yao. Deni hutangulia mirathi. Sote tuliitikia kwa vichwa.

Palikuwa na kijana mmoja aliyekuja kwetu kwa mara ya tatu. Alikuwa ameketi mwisho kabisa, karibu na mahali tunapovulia viatu, wala mpaka usiku huo hakuwa amesema neno. Akaomba ruhusa, akapewa. Akasema: "Wazee wangu, nataka kufahamu. Mzee wetu wa kike, wa kizazi cha tano nyuma yangu, alifanya kazi umri wake wote katika nyumba moja ya mtaa huu. Hakuja kwa hiari yake, wala hakulipwa ujira. Nyumba hiyo imerithiwa mara nyingi tangu hapo. Kama deni hutangulia mirathi, je, deni lake yeye lililipwa lini?"

Pakawa kimya. Kisha mmoja katika wazee wetu, mtu tunayemheshimu na tungali tukimheshimu, akamtazama akamwambia: "Kwanza tuambie wewe ni mtoto wa nani."

Baadhi ya waliokuwapo wakacheka. Wengine wakatazama vikombe vyao vya kahawa. Sisi tunaoandika maneno haya tulikuwa miongoni mwa waliotazama vikombe.

Kijana akasema, "Niwieni radhi, wazee wangu," akatafuta viatu vyake, akaenda zake. Na darasa likaendelea: robo ya mume, thumuni ya mke, kama kwamba hapakutokea kitu.

Asubuhi yake, mama mmoja wa nyumba hiyo, ambaye huwa akisikiliza darasa kutoka nyuma ya dirisha, alituletea ujumbe mfupi. Aliuliza: "Yule mtoto mlimjibu nini? Mimi sikusikia jawabu." Hatukuwa na la kumwambia.

Suala lilikuwa suala

Tumejitafutia udhuru mwingi baada ya usiku ule. Tulijiambia kwamba kijana hakuchagua wakati; kwamba darasa ilikuwa ya mafungu ya mirathi, si ya tarikhi; kwamba mambo hayo ni ya zamani na kuyafukua ni kuchimba makaburi. Kila udhuru tulipoupima tuliuona mwepesi. Kijana hakutoka nje ya somo hata kidogo. Alilichukua lile lile tulilomfundisha, akalipeleka mahali ambapo sisi hatukutaka lifike. Mwanafunzi asipofanya hivyo, basi hakusoma, alikariri.

Tulipoketi peke yetu tukaanza kulifungua suala lake, tuliliona kuwa lina milango mingi, na kila mlango una hoja na jawabu.

Mtu aweza kusema: sharia ya zama zile iliutambua utumwa, na kazi ya mtumwa ilikuwa mali ya bwana wake; basi hapana deni. Hoja hii si ya kudharauliwa. Lakini atajibiwa kwamba sharia hiyo hiyo haikuruhusu mtu huru kutekwa na kuuzwa. Imo katika Sahihi ya Bukhari khabari ya watu watatu ambao Mwenyezi Mungu mwenyewe atakuwa hasimu wao Siku ya Kiama. Na miongoni mwao yumo aliyemuuza mtu huru akala thamani yake, na aliyemwajiri mtu akaipata kazi yake kamili kisha asimpe ujira wake. Waliokuwa wakiletwa pwani kutoka bara na kutoka upande wa Nyasa, ni wangapi waliotekwa kwa njia ambayo mwanachuoni yeyote angethubutu kuiita halali? Basi kabla ya kuuliza habari ya ujira, lazima tuulize habari ya asili.

Mwingine aweza kusema: dhambi hairithiwi. Mjukuu hakumteka mtu wala hakumuuza mtu. Vipi abebeshwe mzigo usiokuwa wake? Na hii ni kweli, wala hapana Muislamu atakayeikataa. Lakini atajibiwa: dhambi hairithiwi, ila mali hurithiwa. Mtu akirithi ng'ombe wa wizi, yeye si mwizi. Walakini ng'ombe si wake. Basi hatuulizi nani mwenye kosa. Twauliza kilichomo mkononi mwetu ni cha nani.

Wa tatu atasema: muda umepita, wenye haki hawajulikani, nyumba zimekwisha uzwa na kununuliwa, na damu zimechanganyika hata mtu mmoja huwa ni mjukuu wa bwana na mjukuu wa mtumwa kwa pamoja. Hili ni kweli zaidi kuliko tunavyopenda kukiri. Lakini atajibiwa kwamba wanavyuoni waliijua mali ambayo mwenyewe hajulikani, na hawakusema iwe ya aliyenayo. Wengi wao walisema ielekezwe katika maslaha ya Waislamu na masikini. Kupotea kwa mwenye haki hakuigeuzi haki ikawa si haki.

Na iko tarikhi ambayo yapasa tuikumbuke pamoja na fiqhi. Mwaka 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini. Mwaka 1875 wamisionari walianzisha Freretown, ng'ambo ya pili ya maji kutoka kisiwa chetu, kuwaweka waliokombolewa. Mwaka 1907 serikali ya kikoloni ikaifuta hali ya utumwa katika sheria ya mwambao wa Kenya. Na katika kuifuta kwake, waliolipwa fidia walikuwa mabwana. Waliofanya kazi hawakulipwa. Mtoto anayeijua khabari hiyo akiuliza nani alipaswa kulipwa, ameuliza suala ambalo watu wazima wangalipasa kuliuliza tangu zamani.

Hatusemi kwamba tumelimaliza suala lake, wala hatusemi kwamba kijana alipatia katika kila alilolidhania. Huenda wenye ilimu wakamwonyesha penye kosa. Twasema tu kwamba suala lake lilikuwa suala, na lilistahiki jawabu, ila likajibiwa kwa kuulizwa nasaba.

Masharti ya mwenye kuingia

Basi sasa twaweza kumjibu ndugu yetu sehemu ya pili ya suala lake, na jawabu hili tumelinunua kwa thamani tuliyoitaja.

Sharti la kwanza: aingie na rai ambayo yu tayari kuiacha. Mtu aingiaye barzani na rai zake zote zimefungwa kwa kufuli hakuja kuzungumza, amekuja kutangaza. Sisi watu wa mwambao ni wafuasi wa Imam Shafii, na kila aliyesoma madhehebu yake kidogo amesikia kwamba Imam ana kauli ya kale, aliyoisema alipokuwa Iraqi, na kauli mpya, aliyoisema alipokwenda Misri. Imam alizirejea rai zake mwenyewe, na wanafunzi wake wakayaandika yote mawili bila ya kuona haya. Ikiwa Imam wa madhehebu yetu hakuona kuwa ni kudhalilika kubadilisha kauli, sisi tunaoketi juu ya barza na kikombe cha kahawa twaona kiburi cha nini?

Sharti la pili: neno lipimwe kwa dalili yake, wala lisipimwe kwa ukoo wa mwenye kulisema. Ghazali, katika kitabu chake cha Ihya, alipotaja masharti ya kujadiliana, alimfananisha mwenye kuitafuta haki na mtu aliyepotelewa na mnyama wake. Mtu huyo hajali mnyama ameonwa na yeye au ameonwa na mwenziwe. Na akionyeshwa alipo hushukuru. Hebu na tujiulize: aliyepotelewa na ngamia, akiambiwa na mpita njia kwamba ngamia yuko kule bondeni, atamuuliza kwanza, "Wewe ni mtoto wa nani?"

Na hapa tutaje jambo ambalo baadhi ya wasomaji wetu hawatalipenda. Habib Saleh wa Lamu, aliyekufa mwaka 1935, ni mtu ambaye sisi na wafuasi wake tumekhitilafiana katika mambo tuliyoyaandika mara nyingi. Lakini haki yake ni haki yake. Aliwasomesha wale ambao wakubwa wa Lamu hawakupenda wasomeshwe, watumwa wa jana na watoto wa wageni wanyonge, naye akavumilia maneno kwa ajili yao. Sisi tunaojiita watu wa kutengeneza mambo tulimwacha mmoja katika watu hao akatoka barzani petu na viatu mkononi. Ikiwa tutalipima neno kwa dalili, basi na tuanze kwa kujipima sisi.

Sharti la tatu, ambalo ndilo kiini cha maneno yetu: aliyeketi ana deni. Watu wengi hudhani kwamba barzani wako wasemaji na wako wasikilizaji, na kwamba msikilizaji hana lawama, kwa kuwa hakusema kitu. Haya si kweli. Aliyesema neno la haki akavunjwa mbele ya watu, kisha watu wote wakanyamaza, hakuvunjwa na mmoja. Amevunjwa na wote. Mzee wetu alisema neno moja tu. Sisi, tuliokuwa wengi, ndio tulioligeuza neno hilo likawa hukumu ya barza nzima. Lau mmoja wetu angesema kwa upole, "Mzee wangu, mtoto ameuliza, tumjibu kwanza, nasaba baadaye," mambo yangalikuwa mengine. Maneno haya hayazidi kumi na mawili. Tuliyahesabu baadaye, tulipokuwa hatuna haja nayo tena.

Sharti la nne linamkabili muulizaji. Asiulize ili kumkomoa mtu, wala ili apate kusimuliwa mtaani kwamba amewashinda masheikh. Imepokewa kwamba Imam Shafii alikuwa akijadiliana na mtu hupenda haki idhihiri, iwe kwa ulimi wake au kwa ulimi wa mwenziwe. Muulizaji wa namna hii hutambulikana: husubiri jawabu. Na kijana wetu alisubiri. Sisi ndio tulioshindwa.

Majibu kwa wenye kupinga

Atasema mtu: "Nyinyi mwawafundisha vijana ukosefu wa adabu. Mkubwa hajibizwi." Twamjibu kwamba adabu ni namna ya kusema, haikuwa kamwe amri ya kunyamaza. Katika Kurani iko sura nzima iliyoitwa kwa jina la mwanamke mwenye kujadili. Bibi huyo, Khawla binti Thaalaba, alikwenda kwa Mtume, rehema na amani zimfikie, kumshitaki mumewe, akarejeza maneno yake tena na tena. Na Mwenyezi Mungu akamsikia, na hukumu ikashuka kwa sababu ya mashitaka yake. Hapana mkubwa aliyekuwa mkubwa kuliko yule aliyejadiliwa, wala hakumfukuza. Na wazee wetu wamesema, mkubwa ni jaa: kila kitu hutupwa kwake naye hustahimili. Mtu asiyestahimili suala la mtoto ameupata umri, ukubwa bado.

Kwa mfano huo huo twaona kwamba si haki mama wa nyumba asikie darasa kila wiki kutoka dirishani, na suala lake lifike kwetu kwa ujumbe asubuhi ya pili. Barza ya nje ni ya wanaume kwa dasturi, na dasturi ina sababu zake za sitara. Lakini hapana dasturi inayozuia kuwekwa wakati wa masuala yanayotoka ndani. Katika barza nzima, aliyeliona kosa ni yule ambaye hatukumpa mahali pa kuketi.

Atasema mwingine: "Masuala kama haya yataleta fitina. Mji wetu ni mdogo, watu ni jamaa na majirani, na leo mwataka kuwauliza nani alikuwa bwana wa nani." Hofu hii twaiheshimu, kwani nasi twaishi katika mji huu. Ghazali naye alipendelea mijadala ya faragha kuliko ya mikusanyiko mikubwa, kwa kuwa mbele ya watu nafsi hutaka kushinda. Basi masuala mazito yachaguliwe mahali na wakati, na wasitajwe watu wala nyumba kwa majina. Lakini tusiite fitina kile ambacho ni kidonda. Kidonda kikifunikwa kitambaa kizuri hakiponi. Hunuka chini kwa chini, na anayesikia harufu kwanza ni mwenye nacho. Kijana yule hakuileta tofauti katika barza. Aliikuta, akaitaja.

Na wa tatu atasema: "Yote haya ni maneno tu. Watu wana shida ya kazi, ya kodi ya nyumba, ya watoto wanaopotea katika madawa. Nanyi mwakaa barzani mkifikiri." Twakiri kwamba maneno peke yake hayamshibishi mtu. Lakini mtu asiyejua anadaiwa nini hawezi kulipa. Na mji usiojua uliwakosea nani hauwezi kutengenea hata ukijengwa upya kwa mawe.

Tulilolifanya

Baada ya wiki mbili, watatu katika sisi tulimtafuta yule kijana, tukamwendea nyumbani kwao. Alitukaribisha chai. Tulimwambia kwamba tulikosa, si kwa tulilolisema bali kwa tulilolinyamazia, na tukamtaka radhi. Alitusamehe kwa maneno mafupi. Lakini tulipomwomba arudi darasani hakuahidi. Alisema atafikiri. Hatukumlaumu.

Mzee wetu naye tulimwendea kwa faragha. Alikasirika mwanzo, akasema kwamba alikuwa akimtania tu. Kisha alinyamaza kitambo kirefu, akatuuliza suala lenyewe lilikuwa vipi, tukamrejezea neno kwa neno. Hakulijibu. Lakini hakusema tena kwamba halijibiki.

Darasa limekata shauri kwamba mlango wa mirathi hautafungwa mpaka suala hilo lisomwe mbele ya wote na kila mwenye hoja atoe hoja yake, kijana awepo au asiwepo. Akiwepo, ataketi katikati.

Basi, ewe ndugu yetu uliyeuliza: ingia. Lakini usiingie kwa ajili ya kuketi tu, kwani kuketi kwaweza kufanyika hata juu ya mkeka wa nyumbani kwako, wala hapana atakayedhulumika. Ukiingia barzani, jua kwamba umechukua dhamana ya kila neno la haki litakalosemwa mbele yako, liwe limetoka kwa sheikh aliye juu au kwa mtoto aliye karibu na viatu. Na itakapofika saa ambayo watu wote watatazama vikombe vyao, wewe inua macho.

Mwenyezi Mungu atusamehe tuliyoyanyamazia, atupe ndimi za kuisema haki na nyoyo za kuipokea itokako. Wallahu aalam.